Mchoro Umegoma: Kusaka Chanzo cha Matatizo kwenye Ramani za Mawazo na Michoro ya Visanduku

Mtu akinipigia simu usiku kuniambia mchoro wake umegoma, namwacha kwanza aitukane programu mpaka achoke. Kisha namwuliza swali moja: hicho ulichonacho ni mchoro, au ni picha ya mchoro? Hapo wengi hukaa kimya.

Mchoro ni lile faili ambalo ndani yake kila kisanduku kinajulikana ni kisanduku, na kila mshale unajua umetoka wapi na unakwenda wapi. Programu za ramani za mawazo, Freeplane na XMind, hulihifadhi kwa kiendelezi (herufi za mwisho wa jina la faili) cha .mm na .xmind, na draw.io, ya michoro ya visanduku, kwa .drawio. Picha ni kile ulichokitoa humo ili watu wakione: PNG, JPG, PDF. Picha haina kisanduku wala mshale, ina rangi tu zilizokaa mahali pake. Matatizo mengi nitakayoyapitia hapa, ukiyafuata mpaka shinani, yamezaliwa pale mtu alipochanganya vitu hivi viwili.

Nami nilishachanganya. Mwaka wa mwisho chuoni nilifuta kompyuta nzima ili niweke mfumo upya, nikiwa na uhakika kwamba "michoro yote" iko kwenye flashi. Kilichokuwa kwenye flashi ni picha kumi na nne. Msimamizi wangu akataka nibadilishe kisanduku kimoja tu kwenye mchoro wa nane. Niliuchora upya wote, mstari kwa mstari, mpaka adhana ya alfajiri.

Faili limepotea, au limefunguka tupu

Usitafute kwa jina kwanza. Jiulize uliliweka wapi. Ukitumia draw.io kwenye kivinjari, mwanzoni inakuuliza mchoro utunzwe wapi: Google Drive, OneDrive, kwenye kifaa chako, au ndani ya kivinjari chenyewe. Hilo la mwisho ndilo linaloliza watu. Mchoro uliowekwa ndani ya kivinjari unakaa katika hifadhi ya kivinjari kile, kwenye mashine ile. Ukifuta data za tovuti, umeufuta. Ukiwa ulifungua dirisha la faragha, ukilifunga umeupoteza. Kwenye kompyuta ya intaneti kafe, ambayo mwenyewe huisafisha kila jioni, hata usihangaike. Lakini kama hakuna kilichofutwa, rudi kwenye mashine ile ile, kivinjari kile kile, fungua draw.io na uchague kufungua kutoka Browser. Mara nyingi unaukuta umekaa kimya unakusubiri.

Ile draw.io ya kusakinisha kwenye kompyuta ina akiba ambayo wengi hawaijui. Kando ya faili lako huweka nakala iliyofichwa, jina lake linaanza na nukta na alama ya dola na kuishia na .bkp. Kama mchoro wako unaitwa bajeti.drawio, tafuta .$bajeti.drawio.bkp. Iambie kompyuta ionyeshe mafaili yaliyofichwa, nakili hilo pembeni, libadilishe jina liishie na .drawio, kisha lifungue. Likinakiliwa kwanza, hata ukikosea bado una la kurudia.

Kwa Freeplane, tatizo ninalolikuta zaidi ni umeme kukatika wakati wa kuhifadhi. Dalili: faili lipo, jina lipo, ila ukubwa wake ni sifuri. Usilihifadhi tena juu yake. Nenda menyu ya Tools, chagua kufungua folda ya mtumiaji, humo utakuta folda iitwayo .backup. Ndani yake kuna mafaili yanayoishia na .bak na .autosave. Chagua la karibuni, lipe kiendelezi cha .mm, lifungue. Na kama faili lina ukubwa wake wa kawaida lakini Freeplane inalikataa, lifungue kwa Notepad. Faili la .mm ni maandishi matupu ya XML (lugha ya kupanga data kwa alama), utaona maneno yako yamekaa baada ya TEXT= ndani ya kila nodi, yaani kila kisanduku cha wazo. Mara nyingi kilichoharibika ni mkia tu wa faili, na maneno mengine yote yanaokoleka.

XMind ina kisa chake. Unafungua ramani uliyotumiwa na mwenzako, badala ya matawi unakuta onyo kwamba faili haliwezi kufunguliwa kawaida na usilibadilishe wala kulihifadhi, vinginevyo yaliyomo yatapotea. Watu hudhani ni virusi. Si virusi. Ni kwamba unatumia XMind 8 au ya kabla yake, na mwenzako ametumia toleo jipya. Toleo la zamani husoma content.xml, jipya limehamia content.json, na kwenye ile content.xml limeacha onyo hilo tu kwa ajili yako. Litii: funga bila kuhifadhi, kisha sakinisha toleo jipya. Ukiwa na haraka na huna data ya kupakua, faili la .xmind kwa kweli ni zip (kifurushi cha mafaili yaliyobanwa) iliyovaa jina jingine. Nakili, badilisha kiendelezi kiwe .zip, lifungue. Maneno yote yako kwenye content.json, na kwenye folda ya Thumbnails kuna picha ndogo ya ramani. Haipendezi, lakini kikao kinaweza kuendelea.

Halafu kuna faili lililopitia WhatsApp. draw.io inaweza kutoa PNG ambayo ndani yake imebeba mchoro mzima, ukiweka alama pale palipoandikwa Include a copy of my diagram. Ni kitu kizuri sana: mtu wa kawaida anaiona picha, wewe ukiifungua tena kwa draw.io unaendelea kuhariri. Lakini ukiituma WhatsApp kama picha, WhatsApp inaisokota upya iwe nyepesi, na kile kilichobebwa ndani kinadondoka njiani. Mpokeaji anaiona vizuri tu, akijaribu kuihariri anakuta ni picha. Itume kama hati. Hiyo ndiyo dawa pekee.

Mishale imebaki hewani

Unasogeza kisanduku, mshale unabaki pale pale kama mtu aliyeachwa na basi. Sababu ni kwamba ncha ya mshale haikuwahi kushika kisanduku, ilikigusa tu kwa macho. Kwenye draw.io bofya mshale na uangalie ncha zake, kisha ivute ncha iliyolegea mpaka juu ya kisanduku, usiachie mpaka uone ishara.

Ishara ziko mbili, na tofauti yake ndiyo inayowachanganya hata wazoefu. Ukiona kingo zote za kisanduku zimezungukwa na buluu, mshale utashika kisanduku kizima na utazunguka upande wowote ulio karibu. Ukiona kituo kimoja (nukta ya kuunganishia) kimewaka kijani, mshale utashika kituo hicho tu, na hata ukihamishia kisanduku upande wa pili, mshale utajipinda na kuzunguka ili urudi palepale. Kwa hiyo anayelalamika kwamba "mishale inajipinda yenyewe" kwa kawaida ameifunga kwenye vituo, na anayelalamika kwamba "mishale inahamahama" ameifunga kwenye kisanduku kizima. Mimi mchoro ukiwa bado unakua hutumia ya buluu. Nikimaliza kupanga, ile michache inayohitaji kutulia naihamishia kijani.

Mshale wenye kona za ajabu zisizoondoka, hata visanduku vikiwa vimenyooka, una vituo vya katikati vilivyobaki baada ya kuuvuta huku na huku. Bofya kulia juu yake, chagua Clear Waypoints. Ni rahisi kuliko kufuta na kuchora upya, jambo ambalo nimeona watu wakilifanya kwa miaka.

Kisanduku hakishikiki, matawi hayaonekani

Ukibofya kisanduku na hakuna kinachotokea, kimefungwa au tabaka lake limefungwa. Kwenye draw.io Ctrl+Shift+L inafungua orodha ya matabaka, angalia kufuli. Kama ukurasa wote ni mweupe, huenda umeteleza mbali na mchoro: Ctrl+Shift+H inaurudisha mchoro wote ndani ya dirisha.

Kwenye Freeplane, Esc inakurudisha kwenye nodi ya katikati. Matawi yaliyopotea huwa yamefanywa moja kati ya mambo mawili. Ama yamekunjwa, na hapo utaona kialama kidogo kwenye mwisho wa nodi (kitufe cha nafasi kinakunjua), au kuna chujio lililoachwa likiwa linafanya kazi. La pili ni la hatari zaidi kwa sababu halionyeshi dalili kwenye tawi lenyewe. Uliwahi kutafuta neno, ukachuja, ukasahau. Ondoa uchujaji kabla hujaanza kuandika tena yale uliyodhani yamefutika, maana nimemwona mtu akiandika tawi zima la pili na kuja kukuta yapo mawili.

Maneno yanapotea au yanamwagika nje ya kisanduku

Kwenye draw.io mchoro ni safi. Ukiutoa kama SVG (picha ya mistari badala ya pikseli) na kuufungua kwa Inkscape, programu ya kuchorea picha za aina hiyo, au kuubandika kwenye ripoti, maneno hayapo, na chini kumeandikwa Text is not SVG. Kinachotokea ni hiki: draw.io huandika maneno yenye mapambo kwa lugha ya kurasa za wavuti, kisha huyapachika ndani ya SVG. Kivinjari kinaijua lugha hiyo, Inkscape haiijui. Chagua vyote, nenda kwenye paneli ya Text upande wa kulia, ondoa alama kwenye Word Wrap na Formatted Text, ndipo utoe SVG upya. Utalazimika kukata mistari mirefu mwenyewe kwa kubonyeza Enter, kwa kuwa kujikunja kwa maneno kumezimwa. Kama hilo ni usumbufu, toa PDF badala yake.

Maneno kumwagika nje ya kisanduku kwenye kompyuta ya mwingine ni suala la fonti. Yako ipo kwako, kwake haipo, mashine yake imeweka nyingine yenye herufi pana zaidi. Kiswahili kinaumia hapa kuliko Kiingereza, kwa kuwa maneno yetu ni marefu: kisanduku kilichobana vizuri neno "wanaoshughulikia" hakina pumzi ya ziada. Acha nafasi kidogo pembeni, au mpe mwenzako PDF ya kusoma pamoja na faili la kuhariri.

Mchoro unaoandikwa umekataa

Kuna michoro ambayo huichori, unaiandika. Mermaid ndiyo inayopendwa siku hizi, hasa tangu Februari 2022 GitHub, tovuti ya kutunzia msimbo wa programu, ilipoanza kuionyesha moja kwa moja. Unaandika mistari michache ya maneno, mchoro unajichora. Uzuri wake ni kwamba ule ugomvi wa picha na mchoro haupo: chanzo ni maandishi, unayaona. Ubaya wake ni kwamba kosa la herufi moja linaangusha kila kitu, na makosa mengine hayaangushi chochote, yanadanganya.

Hili la pili lilinichekesha mpaka machozi. Ofisi moja walichora mtiririko wa maombi ya wateja na mmoja wao akaandika:

`Mteja---ofisi`

Mchoro ukatoka bila kosa hata moja. Mteja ameunganishwa na fisi. Sababu ni kwamba kwenye Mermaid, herufi o ikifuata vistari vitatu bila nafasi inachukuliwa kuwa sehemu ya mstari: ni amri ya kuweka kiduara kwenye ncha. Ikaliwa o, ikabaki fisi. Kwa njia hiyo hiyo "ombi" linakuwa "mbi" na "oda" inakuwa "da". Herufi x nayo ina mtego kama huo, inaweka msalaba, ila kwa kuwa hatuna maneno yanayoanza na x tumesalimika. Weka nafasi kila upande wa mstari, au bora zaidi, zipe nodi majina mafupi na uweke maneno ya kuonekana kwenye mabano ya mraba:

`A[Mteja] --- B[Ofisi]`

Mazoea haya yanazuia pia matatizo mengine mawili. Neno end likiandikwa lote kwa herufi ndogo linavunja chati ya mtiririko, kwa kuwa Mermaid inalitumia kufungia makundi. Ukilazimika kuliandika, tumia herufi kubwa. Na mabano ya kawaida ndani ya maneno, mfano Malipo (taslimu), yanaeleweka kama umbo jipya la nodi. Yafunge yote kwa alama za kunukuu: `C["Malipo (taslimu)"]`. Mchoro mrefu ukikataa na hujui mstari gani una kosa, futa nusu ya chini uone kama nusu ya juu inachoreka. Kisha kata tena. Kwa mistari 60 utafika kwenye mkosaji kwa kukata mara tano au sita, wakati kusoma mstari kwa mstari kunakuchosha kabla hujafika katikati.

PlantUML, nayo ya kuandika michoro kwa maneno, ni ndugu yake mkubwa, na ina kipimo kizuri cha kutambua ugonjwa. Kama mchoro wa mfuatano (nani anamtumia nani ujumbe, kwa mpangilio) unatoka vizuri lakini mchoro wa madarasa (sehemu za programu na uhusiano wake) unakataa, kinachokosekana ni programu saidizi ya Graphviz, kwa kuwa ule wa kwanza hauihitaji na wa pili unaitegemea kupanga visanduku. Hutokea zaidi kwenye Linux na Mac. Amri `java -jar plantuml.jar -testdot` inakuambia imeiona au haijaiona. Tatizo jingine ni mchoro mkubwa kukatwa upande wa kulia au chini bila maelezo: PlantUML huweka kikomo cha pikseli 4096 kwa upana na urefu. Ongeza kwa kigeu cha mazingira (mpangilio wa kompyuta ambao programu huusoma) kiitwacho PLANTUML_LIMIT_SIZE, au toa SVG.

Picha ina ukungu, chapa imekatika

Ukungu unatokana na kutoa picha kwa ukubwa wa skrini na kisha kuivuta kwenye karatasi. A4 ikichapwa kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Skrini ya laptopu ya kawaida haifiki hapo. Wakati wa kutoa PNG, panga Zoom iwe 300% badala ya 100%. Na kupiga picha ya skrini kisha kuibandika kwenye ripoti, tafadhali, tuache. PDF iliyokatika kurasa nne inatibika kwa kuchagua Crop wakati wa kutoa, au kuamuru mchoro ukae kwenye ukurasa mmoja. Ila ukiona herufi zimekuwa kama mchanga, tatizo si mpangilio. Mchoro huo unahitaji kugawanywa uwe michoro miwili.

Haifunguki kabisa, au inakokota

Freeplane imeandikwa kwa Java, lugha ya programu ambayo kompyuta lazima iwe nayo ili iendeshe Freeplane. Ukibofya ikoni, ikamweka kidogo kisha kimya, fungua dirisha la amri uandike `java -version`. Likikujibu kwamba haijui neno hilo, Java haipo. Kuna kisakinishi cha Freeplane kwa Windows chenye Java ndani yake, nacho ndicho ninachowapa watu wote, ni kizito zaidi kupakua lakini kinaondoa maswali. Kama Java ipo na bado haifunguki, ibadilishe jina folda ya mipangilio ya Freeplane kisha uanze tena. Ikifunguka, mpangilio mmoja ndio ulioharibika. Usiifute folda hiyo, kumbuka .backup imo humo.

Ukiwa unatumia bodi za mtandaoni na ghafla mchoro wako unaangaliwa tu hauhaririki, kabla ya kulaumu intaneti hesabu bodi zako. Mpango wa bure wa Miro, kwa mfano, unaruhusu 3 tu za kuhariri.

Kukokota mara nyingi husababishwa na picha, na hapa programu mbili zinafanya kinyume. Ukiburuta picha kwenye draw.io, inaingizwa nzima ndani ya faili. Picha tano za kamera ya simu, na mchoro wa visanduku kumi unakuwa mzito kama video. Zipunguze kabla ya kuziingiza. Freeplane kwa kawaida haiingizi picha, inaandika tu njia ya kuifikia. Ramani inabaki nyepesi, ila ukiihamishia kwenye flashi peke yake, kwa mwenzako itafunguka na maneno yote na picha hakuna. Picha ulizobandika moja kwa moja huwekwa kwenye folda yenye jina la ramani likiishia na _files. Weka ramani, folda hiyo na picha nyingine zote mahali pamoja tangu siku ya kwanza, na ukituma, bana vyote kwenye zip moja.